Asiya, Kidonge na Gilasi ya Mwani

Maji yakipwa, wanawake wa kikundi cha mwani hapa Bodo huteremka pwani na kamba zao mabegani. Zamani Asiya alikuwa akitangulia. Sasa alikuwa wa mwisho, na akifika huketi kwanza.

Uchovu wake haukuwa wa kazi. Alilala vizuri akaamka hoi. Alisikia baridi jua likiwa kali, na mwili ulinenepa ingawa hakula sana. Hospitalini walimpima damu. Walikuta tezi ya shingo imelegea, haitoi homoni ya kutosha, nayo homoni ndiyo inayouamuru mwili ufanye kazi. Wakampa vidonge, kimoja kila siku.

Miezi mitatu ikapita bila nafuu. Asiya akaingiwa na hofu, kwani kikundi kilikuwa na sheria yake. Msimu mpya ukianza, mwanachama asiyepanda mwani kwenye kipande chake cha shamba la baharini hunyang'anywa, akapewa mtu mwingine. Na msimu huo ulikuwa umebakisha miezi miwili tu uanze.

"Shoga, unahangaika na vidonge, na dawa iko baharini!" alisema Chiku, jirani yake. "Mwani una madini joto, yaani iodini. Tezi inayataka hayo!"

Chiku akijua jambo nusu, hulisema lote. Asiya akamwamini. Akachemsha mwani, akautia ukwaju, akanywa gilasi asubuhi na gilasi jioni. Kidonge aliendelea kukimeza kwa chai ya maziwa, kama tangu mwanzo. Tena, ili apungue mwili, akaacha chakula cha mchana na cha usiku. Masikini, alidhani anajitibu.

Siku moja akaanguka majini, maji yenyewe ya magotini. Chiku alimwinua, akampeleka zahanati huku analia kuliko mgonjwa.

Nesi wa pale alikuwa msichana wa Msambweni, jina lake Yusra.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vidonge vyenu havinifai kitu."

"Pole sana. Hebu niambie unavimeza vipi, na unakula nini."

Asiya akaeleza yote. Chiku akawa anatazama dari.

"Mama," alisema Yusra, "homoni iliyo katika kidonge hiki bado haijawa tayari kufanya kazi. Mwili wenyewe huigeuza, hasa kwenye ini, ikawa ile yenye nguvu. Sasa maziwa hukizuia kidonge kisiingie vizuri mwilini. Na ile kidogo inayoingia, mwili wenye njaa hauigeuzi sawasawa. Mwili ukikosa chakula hubana matumizi."

"Na mwani?" aliuliza Chiku kwa sauti ndogo.

"Madini joto tunayahitaji kidogo tu, na chumvi ya dukani inayo. Yakizidi, tezi iliyolegea huweza kuzidi kulegea. Mwani uuzeni, msiufanye dawa."

Machozi yalimtoka Asiya. "Nilikuwa napoteza shamba langu kwa ujinga!"

"Si ujinga, mama. Hukuelezwa, na kosa hilo ni letu sisi wahudumu."

Yusra akamwonyesha njia. Kidonge akimeze alfajiri, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Chai na chakula vingoje saa nzima. Ale mara tatu kwa siku, na asikose samaki, mayai na kunde, maana vina madini yanayousaidia mwili kuigeuza homoni. Asiongeze wala kuacha kidonge bila kuulizia. Baada ya wiki sita arudi kupimwa damu.

Asiya akaliona ni jambo jepesi. Aliamka kwa sala ya alfajiri, akameza kidonge, akasali, akafagia ua. Akimaliza, saa imetimia. Mumewe, Rashad, alimpikia yai kila asubuhi, na kila asubuhi akalichoma upande mmoja. Asiya alikula hivyo hivyo.

Wiki mbili za kwanza hakuona kitu, akataka kukata tamaa. Wiki ya nne baridi ikamtoka, akalitupa shuka zito. Wiki ya sita Yusra alisoma majibu akacheka kwa furaha. "Damu imekaa sawa, mama. Endelea hivi hivi, na upimwe tena kila utakapoambiwa."

Msimu ulipoanza, mwenyekiti wa kikundi alipita kukagua vipande. Cha Asiya kamba zote zilikuwa zimefungwa mwani hadi ya mwisho, naye alikuwa ameinama akifunga mwani kwenye kipande cha Chiku.

"We Asiya, pumzika basi!" alilalamika Chiku. "Unatuaibisha mbele ya watu!"

"Nimepumzika mwaka mzima," alijibu Asiya. "Nipe kamba nyingine."