Soksi Alipata Joto Lini?

Kila alfajiri, jogoo wa jirani akiwa bado anasafisha koo, Bibi alikuwa ameshagonga dirisha.

"Wewe, Darubini! Amka ukamwangalie Soksi!"

Darubini lilikuwa jina la utani. Baba yake, fundi baiskeli, ndiye aliyembandika, kwa sababu gololi ikidondoka karakanani, binti huyu wa darasa la sita huiona kabla haijaacha kuviringika.

Na Soksi? Huyo alikuwa mtamba wa Bibi, ng'ombe mweusi mwenye miguu myeupe, ambaye hajazaa bado. Aliishi boma moja na ng'ombe mzee aliyekauka maziwa zamani, mpaka watu wa nyumba hiyo walishasahau chai ya maziwa ina rangi gani. Jumatano hiyo daktari wa mifugo, mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, alimchoma Soksi sindano ya homoni.

"Hii itamleta kwenye joto, atake kupandwa," alisema. "Lini hasa, anajua mwenyewe. Mwangalieni asubuhi, mchana na jioni. Mkiona ametulia tuli mwenzake anampanda, nipigieni simu. Wiki moja baadaye nitamletea mtoto."

Kazi ya kuangalia akapewa Darubini. Angepewa nani mwingine?

Ijumaa alfajiri kulikuwa na manyunyu na baridi ya kung'ata masikio. Bibi aligonga dirisha. Darubini akasema "Naam!" kisha akavuta blanketi hadi puani. Akamsikia Soksi akilia bomani. Akajiambia, hiyo inatosha.

"Umemwona?" Bibi aliuliza baadaye.

"Nimemwona."

"Alisimama, mwenzake akampanda?"

"Ndiyo, Bibi."

Baba alimpigia daktari palepale, kifua mbele. "Ni huyu Darubini wangu! Halali huyu!" Siku ile karakana nzima ilipata habari, hata mteja aliyekuja kujaza upepo tu.

Basi ingeishia hapo, lakini Jumapili alasiri, Bibi akiwa kwa jirani mgonjwa na Baba kazini, Darubini alipeleka maji bomani. Akamkuta Soksi ametulia kama kabati, ng'ombe mzee kamkalia mgongoni. Ndoo ikamponyoka. Kumbe joto lenyewe ndilo hili!

Angesema nini sasa? Akisema ni leo, ataulizwa Ijumaa aliona nini. Akinyamaza, daktari atahesabu wiki yake kwa siku ya uongo. Akageuza shingo huku na huku kama kuku aliyeingia jikoni na kufungiwa mlango.

Kesho yake shuleni alimweleza rafiki yake, binti wa fundi cherehani.

"Nyamaza tu," rafiki alisema. "Ng'ombe atakushtaki kwa nani?"

Akanyamaza. Lakini nyumba ilianza kumbana. Bibi aliosha chombo cha kukamulia kilichokaa miaka juu ya kabati. Baba alikuwa akimwita "mtaalamu wangu" mbele ya wageni.

Ijumaa iliyofuata daktari akaja na mtungi wake wa baridi kali, ukitoa moshi mweupe. Soksi aliingizwa kwenye kibano, ile njia nyembamba ya magogo anamosimamishwa ng'ombe asigeuke. Darubini aliambiwa aingie nyuma ashike mkia. Baba akafunga gogo nyuma yake. Kushoto magogo, kulia ukuta, mbele Soksi. Hapakuwa na pa kutokea.

Daktari alivaa glavu ndefu hadi begani, akampima Soksi kwa ndani. "Yuko tayari kupokea. Lakini mkono wangu haujui kusoma kalenda," alisema. "Humu mtungini kuna kiinitete kimoja, mtoto wa ng'ombe mwenye maziwa kweli kweli. Kina umri wa wiki moja, ni kidogo kuliko punje ya mchanga. Na tumbo la Soksi nalo lazima liwe na wiki moja tangu joto. Tofauti ya siku mbili, kinaweza kufa. Ni kama kumpeleka mtoto wa chekechea darasa la saba, hatapata hata pa kukaa."

"Na kikifa?" Bibi aliuliza.

"Kikundi cha wafugaji wa hapa kimepata kimoja tu kwa kila nyumba, mama. Nikishakiyeyusha kwenye maji haya ya uvuguvugu, hakirudi tena kwenye baridi." Akageuka. "Nani alimwona Ijumaa?"

"Huyu hapa!" Baba akajibu.

"Ulimwona kwa macho yako, mwanangu?"

"Ndiyo," Darubini akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Alikuwaje?"

"Alikuwa... analia."

Daktari alimtazama kidogo, kisha akachomoa mtungini mrija mwembamba wenye kile kiinitete. Mkono ukaelekea kwenye maji. Bibi alikuwa amekunja viganja kifuani.

"Usitie!" Darubini alipiga kelele hadi Soksi akaruka. "Usitie, daktari! Ijumaa nilikuwa kitandani!"

Mrija ukarudi mtungini haraka.

"Nimempigia simu mtu mzima," Baba akafoka, "kumpelekea uongo!"

"Subiri, baba mtu," daktari alisema. "Nieleze sasa, binti. Hukumwona kwenye joto kabisa?"

"Niliona Jumapili. Alasiri. Alikuwa na matope kiunoni ya kwato za mwenzake, na ute mwangavu kama wa yai unaning'inia mkiani. Nikamsukuma, hakusogea."

Daktari akainama, akapapasa manyoya juu ya mkia wa Soksi. Yalikuwa yamesuguliwa, na matope makavu yamegandia.

"Hiyo sasa ni habari," alisema. "Ya kwanza ilikuwa na mlio tu. Nitarudi keshokutwa."

Jumapili akarudi, kiinitete kikaingia salama. Baba hakumwita mtaalamu tena. Alimpa kazi ileile: baada ya siku kumi aanze kuangalia asubuhi, mchana na jioni. Soksi akirudi kwenye joto, mimba haikushika.

Darubini aliangalia, blanketi mabegani, meno yakigongana. Asubuhi moja Bibi alimkuta ameegemea gogo.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Bibi."

"Hujaona, au hujatazama?"

"Nimetazama sana. Sijaona."

Siku zikapita hivyo, na jibu likawa lilelile. Daktari alipokuja kupima, alicheka kile kicheko chake mpaka ng'ombe mzee akahama kona. "Ana mimba!"

Bibi alimvuta mjukuu wake ubavuni.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Siku ile ungeniambia 'Bibi, sikuamka,' ningefoka, tukanywa chai, yakaisha. Ulitaka kunifurahisha, nusura uniulie ndama. Mtu akiyatuma macho yako, mletee ulichokiona. Kama hukuona, mletee hicho hicho. 'Sijaona' ni jibu zuri kabisa. Ila kwanza," akamfinya sikio, "utoke kitandani."