Nyuma ya Picha ya Dobi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jicho Moja alifagia ukumbi, akajaza ndoo mbili bombani na kumsaidia bibi yake kutandika kitanda. Kisha alifungua kabati na kuitazama kamera ya mama yake. Siku za shule hakuigusa. Aliitazama tu, kama mtu anayechungulia kuona kama mgeni ameamka, halafu akafunga kabati taratibu.

Jina hilo la Jicho Moja alipewa na wenzake kwa sababu ya kamera hiyohiyo. Jumamosi alipita nayo mitaani huku amefumba jicho la kushoto, hata pale ambapo hakuwa na cha kupiga picha. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na macho yake yote mawili yalikuwa mazima.

Mama yake alikuwa mpiga picha. Miaka miwili iliyopita alikwenda nchi ya mbali kumtunza mzee mgonjwa, kwa mkataba wa miaka minne. Alipiga simu kila Jumapili saa tisa alasiri. Siku nyingine zote, bibi alimtaja katika sala ya asubuhi. "Na yule wetu wa mbali, ee Mungu, mfunike," alisema. Hapo kila mmoja alibaki na picha yake kichwani, kisha wakanywa chai.

Pamoja na kamera, mama alimwachia desturi moja ya kazi. Nakala ya kwanza ya picha humwendea mwenye uso. Akishaiona, huulizwa kama watu wengine nao wanaweza kuiona. Akikubali, basi nyuma ya nakala ya pili huandikwa kwa penseli jina lake, tarehe, na neno moja: amekubali. "Wino ukilowa huvuja," mama alimweleza. "Penseli hukaa. Kwa hiyo usiandike kitu ambacho hutaki kikae."

Siku ya wazazi, mwalimu wa darasa alibandika ukutani picha tatu za Jicho Moja. Ya kwanza ilimwonyesha fundi viatu akishona kamba ya kiatu cha mtoto. Ya pili ilikuwa ya bibi akitunga uzi kwenye sindano. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke dobi wa mtaa wa nyuma, mapema asubuhi, akitundika shuka jeupe. Maji yalimchirizika hadi kwenye kiwiko, naye alikuwa akiitazama kamera juu ya shuka kama anayetaka kucheka. Fundi na bibi walikwisha kupata nakala zao. Dobi hakuwa amepata. Siku ile karatasi ziliisha studio, ikachapwa nakala moja tu, na Jicho Moja akajiambia atampelekea yake baadaye. Baadaye hiyo ikawa miezi miwili.

Alhamisi moja alifika shuleni dada wa kampuni ya vitabu, mwenye mikoba miwili iliyojaa vitabu vya mfano. Alipoingia darasani alisimama mbele ya zile picha, akasahau kilichomleta.

"Nani kapiga hizi?" aliuliza.

"Jicho Moja!" darasa zima lilijibu.

Dada huyo alimwita pembeni. "Mdogo wangu, tunaandaa kitabu cha maarifa ya jamii. Picha hizi tunazitaka zote tatu. Nikuambie ukweli, kampuni haijatenga malipo ya picha za wanafunzi. Ila jina lako litachapishwa."

"Kitabu chenyewe kitafika wapi?" Jicho Moja aliuliza.

"Kila mahali. Hata watu wetu walioko nje huwa wanaagiza."

Jicho Moja hakusikia tena habari ya malipo. Alimwona mama yake katika chumba asichokijua, amekaa kwenye kiti asichokijua, akifungua kitabu na kukuta humo jina alilompa yeye mwenyewe.

Dada wa vitabu alikuwa akizibandua picha ukutani na kuzigeuza. "Naona umeandika nyuma. Vizuri sana, wakubwa wengi hawafanyi hivi. Lakini hii ya tatu mbona haina kitu?"

"Nilisahau," alisema Jicho Moja.

Penseli ilikuwa mkononi mwake. Aliandika jina la dobi, akaandika tarehe, kisha akaandika amekubali. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

"Basi," alisema yule dada, akampa bahasha. "Fomu hii itiwe sahihi na mlezi wako. Picha kaa nazo mpaka Jumatano nitakaporudi."

Rafiki yake wa dawati moja, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki, alimwandama mpaka getini. "Sasa ukiwa kwenye kitabu tutakuwa tunakufanyia mtihani. Swali la kwanza: Jicho Moja ana macho mangapi?"

Jicho Moja alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Jumamosi alipeleka bahasha na picha studio, kwa fundi picha aliyekuwa akifanya kazi na mama yake. Mzee huyo alivaa miwani, akasoma fomu kutoka juu hadi chini, akageuza, akasoma na upande wa pili.

"Kitabu hiki watakigawa au watakiuza?"

"Watakiuza, babu."

"Mchapaji atalipwa. Dereva wa kukisambaza atalipwa. Muuza duka atapata chake. Wewe utalipwa jina, na jina unalo tangu uzaliwe."

"Lakini mama ataliona."

Fundi picha alivua miwani. Alikuwa mkali wa maneno, lakini alijua ni nani aliyekuwa akikaa kwenye kile kiti cha pembeni ambacho hakuna aliyekikalia tena. "Najua," alisema kwa upole. "Kutoa kazi yako bila malipo si dhambi, mjukuu wangu. Lakini ona hapa. Wanasema picha zitakuwa zao daima, kwa matumizi yoyote. Kesho zikiwa kwenye kopo la rangi, huna la kusema. Na hapa nyuma kuna maelezo yatakayowekwa chini ya kila picha. Umeyasoma?"

Hakuwa ameyasoma. Aliyasoma sasa. Ya kwanza: Fundi viatu kazini. Ya pili: Bibi akishona. Ya tatu: Mwanamke maskini. Taja sababu tatu za umaskini.

"Na dobi mwenyewe anasemaje?" fundi picha aliuliza. Aligeuza picha, akasoma nyuma. "Aa, amekubali. Basi sawa, ni hiari yake mwenyewe."

Jicho Moja alitamani sakafu ya studio ifunguke.

Jumapili saa tisa simu iliita. Bibi alisalimia kwanza, akauliza habari za baridi, kisha akampa mjukuu wake. Jicho Moja alieleza habari ya kitabu kwa pumzi moja. Upande wa pili sauti ya mama ilikuwa imelowa.

"Nitakiagiza, mwanangu. Nitakiweka karibu na mto ninaolalia. Nikiamka nakifungua kwanza kabla sijazungumza na mtu." Kisha akauliza kama alivyokuwa akiuliza zamani, wakati wanapanga picha mezani. "Na wenye nyuso? Wamekubali wote?"

"Wamekubali, mama."

"Mungu akubariki."

Baraka ile ilimchoma kuliko kofi. Jioni, bibi alipoanza sala, Jicho Moja alifumba macho na alichokiona ni ncha ya penseli tu. Alijaribu kumtaja mama yake, akashindwa. Bibi alisubiri. Mwishowe mtoto alilia, akasema yote, tangu karatasi zilizoisha studio hadi neno alilomjibu mama.

Bibi hakumkaripia. Alimfuta machozi kwa kiganja chake. "Kukuombea nitakuombea," alisema. "Ila kwa dobi utakwenda kwa miguu yako mwenyewe."

"Akikataa je? Jina langu halitatoka, na mama anasubiri."

"Mama yako anakusubiri wewe, kabla ya jina."

Jumatatu baada ya masomo alipita studio, akachapiwa nakala mpya iliyotiwa ndani ya bahasha, akaenda nayo mtaa wa nyuma. Dobi alikuwa ameinama kwenye beseni, mikono imezama kwenye povu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mpiga picha. Nilidhani kamera yako imenimeza, maana tangu siku ile sijajiona."

"Nimekuletea, mama. Nisamehe, nimechelewa."

Dobi alijikausha mikono hadi kwenye vidole, mmoja mmoja, ndipo akaipokea picha. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe mkono wangu una nguvu hivi," alisema polepole.

Jicho Moja alimweleza habari ya kitabu, akamweleza na maneno yatakayokuwa chini ya picha.

"Hebu nisomee."

"Mwanamke maskini," alisoma. Sauti yake haikusikika vizuri, ikabidi arudie.

Dobi aliangalia kamba zake nne zilizojaa nguo, na vibanio alivyovipanga kwa rangi, kila mteja na rangi yake.

"Nina wateja kumi na wawili na watoto wawili shuleni," alisema. "Huo umaskini wangu wameuona wapi? Kwenye kiwiko? Mimi si maskini, mwanangu. Mimi ni dobi."

"Kuna jambo jingine, mama." Jicho Moja aligeuza ile nakala ya shuleni. "Niliandika kwamba umekubali. Sikukuuliza. Na mama yangu nikamwambia hivyohivyo."

Dobi alisoma tarehe na lile neno moja. "Kumbe nilikubali tangu Alhamisi," alisema, "na habari zangu nazipata leo."

Hakuwa akicheka. Jicho Moja alitoa kifutio mfukoni, akafuta neno lile mbele yake mpaka pakabaki alama hafifu. Alisubiri kuambiwa aende zake.

"Kwa nini unakitaka sana hicho kitabu?" dobi aliuliza.

"Mama alione jina langu."

Dobi alipumua. Aliirudisha ile picha mpya ndani ya bahasha yake ili isilowe, akaiweka juu ya dirisha. "Sikiliza. Wakiandika dobi, mimi nimekubali. Wakiandika maskini, watafute uso mwingine. Na kitabu waniletee nikishike mwenyewe, sitaki kuhadithiwa."

"Naweza kuandika hivyo?"

"Andika. Safari hii nipo."

Jumatano, dada wa vitabu alirudi. Jicho Moja alisimama mbele yake na mbele ya mwalimu, akasema kwamba lile neno la Alhamisi lilikuwa uongo, na kwamba sasa ni kweli, lakini kwa sharti la dobi. Akaongeza sharti lake mwenyewe: picha zitumike kwenye kitabu hiki tu.

"Na kama haiwezekani?" dada wa vitabu aliuliza.

"Basi sitatoa yoyote." Aliumia aliposema, kwa sababu kile chumba cha mbali alikiona kikizimwa taa.

Dada wa vitabu aliitazama picha ya dobi, kisha maelezo yake. Uso wake ulibadilika. "Aliyeandika haya hakumjua mtu huyu," alisema. "Na mimi nilipita tu bila kusoma." Alitoka nje, akapiga simu ofisini. Dirishani walimwona akizungumza, akinyamaza, akizungumza tena kwa mkono wote. Aliporudi alikata mstari mmoja kwenye fomu, akaandika mwingine.

"Itaandikwa dobi, iwe kwenye sura ya kazi, na picha ni za kitabu hiki tu. Malipo bado hakuna, hilo nimeshindwa."

"Kwa kitabu hiki natoa bure," alisema Jicho Moja, "ili watoto wamwone dobi akiwa dobi. Kitabu kingine mtaniuliza upya, na hapo tutazungumza malipo."

Dada wa vitabu alimgeukia mwalimu. "Huyu ana wakili?"

"Ana fundi picha," mwalimu alijibu.

Jioni ile bibi alitia sahihi, na Jumapili Jicho Moja alimwambia mama yake ukweli wote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante kwa kuniambia. Leo nimekusikia vizuri kuliko Jumapili iliyopita."

Kitabu kilitoka baada ya miezi minane. Redio alikipekua, akapekua tena. "Jina lako liko ukurasa wa mwisho kabisa, herufi kama mayai ya chawa. Kulisoma mtu atahitaji macho yote mawili." Dobi alipata chake. Alikifungua kwenye picha yake, akakiegemeza dirishani, akaendelea kufua huku akikiangalia kama mtu anayeangalia mtoto asianguke.

Cha mama kilitumwa kwa posta. Jumapili ya tatu simu iliita kabla ya saa tisa.

"Nimekuona," mama alisema.

"Jina langu ni dogo sana, mama."

"Si jina. Nimekuona kwenye picha."

"Mimi simo kwenye picha."

"Umo. Huyu dobi karibu acheke. Anamtazama nani pale?"

Jicho Moja aliibana simu sikioni, akasikia mama naye akipumua, na kati ya pumzi hizo kulikuwa na bahari na mwaka mzima na kidogo wa kusubiri.

"Nisikilize, mwanangu," mama alisema. "Kazi ya mikono yako ni yako. Unaweza kuiuza, unaweza kuitoa bure kwa moyo mweupe, zote ni halali, mradi umesoma na unajua unachotoa. Lakini uso wa mtu si wako hata kama picha umepiga wewe. Neno lile la kukubali ni lake peke yake. Usimwandikie tena mtu."

"Sitarudia, mama."

"Najua. Sasa nipe bibi."

Asubuhi iliyofuata alifagia ukumbi, akajaza ndoo mbili, akamsaidia bibi kutandika. Alipofungua kabati, kitabu kilikuwa kando ya kamera. Alikifungua kwenye sura ya kazi, na kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke alijua hasa kitu ambacho mama alikitazama akiamka. Chumbani bibi alikuwa amekwisha kuanza sala. Jicho Moja aliacha kabati wazi, akaenda kupiga magoti, na ilipofika zamu ya kumtaja yule wao wa mbali, yeye ndiye aliyemtaja.