Saruji Kwenye Nguzo za Kanisa

Kila Jumamosi, akishafungasha mboga za kupeleka mjini, Mama Modesta alikuwa akifagia kanisa. Ni kanisa dogo la mbao, huku juu milimani Uluguru. Lilijengwa na babu zetu. Kila ukoo ulitoa nguzo moja, na mpaka leo kila nguzo inaitwa kwa jina la ukoo wake. Kila alipofika kwenye nguzo ya ukoo wao, Mama Modesta aliigusa kidogo, kisha akaendelea na kazi.

Jumamosi moja alikuta unga wa mbao chini ya nguzo ile. Kesho yake, watu wakiwa wanaimba, nguzo ikatoa mlio. Waimbaji walinyamaza, wakatazama paa.

Mwanawe, Benedikto, ndiye katekista. Jioni alikuja na uamuzi wa kamati ya kanisa.

"Mama, Jumatatu ijayo tunabomoa. Tutajenga la matofali."

"Na nguzo zetu?"

"Zimeoza, mama. Zitakuwa kuni."

"Mama yangu aliagwa mle kanisani kabla ya kuzikwa. Na mimi nilitaka hivyo hivyo."

Mama Modesta hakula usiku ule. Iliuma, tusidanganyane.

Jumatatu ilipofika, akaja Shabani, seremala kutoka Msamvu, kule mjini, aliyeitwa kubomoa. Mlangoni alivua viatu.

"Hapa hatuvui, baba," Mama Modesta alimwambia.

"Nimezoea, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Shabani alichukua msumari, akaukandamiza kwenye sehemu ya juu ya nguzo. Haukuingia. Akajaribu karibu na sakafu. Ukazama wote.

"Nani alizungushia saruji hapa chini?"

Benedikto, aliyesimama kando ya mama yake, akasema, "Ni mimi. Mwaka wa nane sasa. Niliona mchwa, nikataka kuzilinda."

"Nia yako ilikuwa njema," alisema Shabani. "Lakini mbao hulowa, kisha hukauka. Wazee walizisimamisha nguzo juu ya mawe ili upepo uzikaushe. Saruji imeziba. Maji yakishuka hayana pa kutokea, na mbao inaoza kwa ndani. Mchwa nao wanapenda palipolowa."

Benedikto akakaa kwenye benchi. Miaka yote hiyo alikuwa akisema wazee walijenga ovyo.

"Kwa hiyo tubomoe?" aliuliza kwa sauti ndogo. Shabani akapima kwanza nguzo zote kwa msumari wake, kisha akarudi.

"Mmeniita kubomoa. Lakini kwa kuwa umeniuliza, nitasema. Zimeoza nguzo tatu tu, tena chini ya goti. Tunaegemeza paa, tunakata palipooza, tunaunga mbao ngumu, tunazirudisha juu ya mawe. Nyuma mchimbe mfereji, maji ya mlimani yapite mbali." Akaonyesha juu. "Tazama pale. Wameunganisha bila msumari hata mmoja. Nina miaka ishirini katika useremala, na ile kazi siiwezi. La matofali mtajenga mwaka wowote. Hili mkilibomoa, limekwenda, pamoja na ujuzi wa waliolijenga."

Kamati iliitwa siku ileile, ikakubali. Benedikto alichukua nyundo na tindo, akabandua saruji kwa mikono yake mwenyewe, siku tatu. Hakutaka kupokewa. Kila ukoo ukaleta jiwe la nguzo yake, na Shabani akaunga mbao.

Jumapili Benedikto alisimama mbele ya watu. "Ndugu zangu, wazee wetu hawakukosea. Nimekosea mimi. Nilitengeneza kitu nisichokijua, na sikuuliza."

Masika ilikuja na mvua nyingi. Ilipokwisha, kila ukoo ulipima nguzo yake kwa msumari, kama Shabani alivyowafundisha. Hakuna msumari uliozama. Sasa wanafanya hivyo kila mwaka.

Mwezi wa sita wa mwaka uleule Mama Modesta alifariki. Waliliweka jeneza lake karibu na nguzo ya ukoo wao. Kanisa lilijaa hadi nje. Benedikto alianzisha wimbo, sauti ikamkatika, watu wakaupokea. Waliimba kwa nguvu zao zote, na hakuna aliyetazama paa.