Kufuli la Kaburi

Jioni ile nilitoka kazini, mikono ikinuka mvuke wa pasi, nikapita dukani kununua vifuko vya plastiki vya kuvalisha kadi. Jua lilikuwa linazama. Watu wananisalimia njiani, mimi napita tu. Nilikuwa nimefura kwa hasira, na ingekuwa dhambi kufungua mdomo.

Mdogo wangu alikuwa nyumbani, amelala macho wazi, hasemi.

Hakuwa amepooza. Ukimpa maji, anakunywa. Ukimwinua, anakaa. Lakini kijana aliyekuwa akipiga kelele nyumba nzima mpaka Mama anamtishia kwa mwiko, sasa hatoi hata mguno. Daktari alimpima damu, akampima kichwa, akasema hana kitu. Hana kitu! Nilitoka pale nimeuma meno mpaka taya zinauma.

Mimi nilijua tatizo lilikoanzia. Lilianzia kwenye meza za duka lile lile, alipocheza kadi na mtu tunayemwita Dhahabu.

Kwa asiyeujua mchezo wetu, ni hivi. Kila mchezaji anakuja na seti ya kadi alizozipanga mwenyewe. Kuna kadi za askari, za majitu, za silaha. Unawatuma wakampige mwenzako mpaka uhai wake uishe. Kadi ikifa, inawekwa kando kwenye rundo tunaloliita kaburi. Na kadi hazilingani. Zipo za kutupwa, na zipo ambazo ukizitaka uza kwanza kitanda.

Za Dhahabu zilikuwa za kuuza kitanda, zote. Zilimeremeta mpaka macho yanauma. Mtindo wake ulikuwa mmoja: anajaza kaburi lake majitu, halafu anayaita yarudi. Ukiua, anafufua. Ukiua tena, anafufua tena, huku anatabasamu.

Na alicheza kwa dau. Mshindi anachukua kadi moja ya aliyeshindwa.

Alipomshinda mdogo wangu, alichukua Mpiga Mbiu. Kadi ya bure kabisa! Pembe moja ya kadi ilikuwa imetafunwa, maana mdogo wangu alikuwa nayo tangu yuko mdogo, na akiwaza mchezo anaitia mdomoni. Watu walicheka. Tajiri mzima, wa nini kuokota takataka?

Jioni hiyo mdogo wangu aliingia nyumbani, Mama akamwuliza habari za huko, na hakujibu. Tangu hapo akawa hasemi.

Basi nikaamua kumfuata Dhahabu mimi mwenyewe. Mchezo ninaujua, maana tulijifunza pamoja na mdogo wangu juu ya meza ya kupigia pasi, na nilikuwa namchapa vizuri tu. Kadi za kumeremeta sina. Nikapanga seti ya watu wa hali ya chini. Nilijaza askari wadogo, wale wepesi wa kutoka na wepesi wa kufa, nikaweka kila mmoja mara nyingi kadiri sheria inavyoruhusu ili mkono wangu usikose wa kumtuma. Kila kadi ya kunichelewesha niliitoa, hata niliyoipenda. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nimpige kabla hajasimama. Nikaongeza Koleo, kadi ya kuchota kitu kimoja kutoka kaburi lolote na kukirudisha mezani kwa mwenye kadi. Niliiweka ili nifufue vijana wangu.

Ilibaki nafasi moja. Pale dukani, kando ya mlango, kuna boksi la kadi zisizotakiwa na mtu. Jioni ile ya vifuko nikachakura humo, na hapo nikaiona.

Kufuli la Kaburi. Ikitua mezani, kilichomo makaburini hakitoki tena.

Mama mwenye duka, sote tunamwita Shangazi, alinyoosha shingo kuona nilichoshika. Uso ukambadilika.

"Hiyo usiiweke," alininong'oneza.

"Kwa nini, Shangazi?"

"Haipendi."

"Nani?"

Akatupa macho mlangoni. "Unamjua."

"Ndiyo maana naiweka."

Akanifungia vifuko vyangu kwenye gazeti.

Dhahabu alikuwa ameshafika. Alikaa meza ya mwisho, ile ambayo taa yake hufifia, seti yake imefungwa kwenye kitambaa cheusi. Nikavuta kiti bila kukaribishwa.

"Namtaka Mpiga Mbiu," nikasema.

"Na mimi nikishinda?"

"Chukua kadi yoyote."

Akaziangalia kadi zangu, kisha akaniangalia mimi. Taratibu. Kama mtu anayechagua kitambaa cha kushona.

"Nitachukua ile unayoipenda," akasema.

Akafungua kitambaa.

Harufu ikanipiga usoni... harufu ya nywele zilizoungua. Na ndani ya lile rundo la kadi kulikuwa na sauti. Ndogo sana. Krrr... krrr... Kama kucha kwenye ubao.

Nilitaka kukimbia. Nikamkumbuka Mama anavyomfuta mdogo wangu mate, nikachanganya kadi zangu.

Vijana wangu walianza kazi. Wa kwanza akampiga. Wa pili, wa tatu. Akawa anaua wawili, natuma watatu. Uhai wake ukashuka, ukashuka tena. Watu waliokuwa wanacheka seti yangu wakaacha kucheka. Yeye hakujali. Alikuwa anatupa kaburini, jitu baada ya jitu, na kila moja likitua, kucha zile zinazidi.

Nikavuta kadi. Kufuli!

Ningeishusha pale pale, mchezo ungekuwa umekwisha. Mkono ulikuwa tayari uko hewani. Hapo Dhahabu akachomoa kadi moja mkononi mwake, akaiweka juu ya kaburi lake taratibu, na kuigeuza niione.

Pembe imetafunwa.

"Haya funga," akaninong'oneza. "Si ndicho ulichokuja nacho?"

Kutoka kwenye lile rundo, nikasikia mtu anakohoa.

Kikohozi cha mdogo wangu. Kile kikavu, cha mara mbili mbili, ambacho nimelala nacho chumba kimoja utoto mzima. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo. Kisha hasira ikapanda, hasira ambayo sijawahi kuijua, ikakausha jasho lote. Mshenzi huyu alijua. Alimweka pale makusudi, nimfungie ndugu yangu kwa mkono wangu mwenyewe!

Niliirudisha Kufuli mkononi. Nikapita zamu.

Akafufua jitu. Likafagia vijana wangu karibu wote. Nikavuta kadi, si yenyewe. Akafufua jingine. Uhai wangu ukabaki kidogo cha kubanwa kwa vidole. Nikavuta tena, nikiwa nimefumba macho.

Koleo.

Nikaibamiza mezani. "Nachota kwenye kaburi lako. Huyo wa juu!"

Tabasamu likamfutika. Mpiga Mbiu akarudi mezani, na mimi sikumpa nafasi ya kupumua. Nikashusha Kufuli mezani, kwa ngumi.

Kucha zikanyamaza.

Harufu ikakatika kama imepulizwa. Alitafuta mkononi, hakuwa na kitu cha kuita. Majitu yake mezani yalikuwa yamechoka kwa kupiga, na vijana wangu wawili waliobaki, wale wa bure kabisa, wakammaliza.

Sikumwona akiwa na hasira. Alikuwa ameogopa. Akaisukuma kadi yenye pembe iliyotafunwa mpaka upande wangu.

"Umewafungia," akasema.

"Nani?"

Alizoa kadi zake bila kuzifunga kitambaa, akatoka.

Nilikimbia njia nzima. Nilimkuta Mama mlangoni amejishika kichwa, analia na kucheka.

"Amesema! Mwanangu amesema!"

"Kasemaje?"

"Anasema njaa inamuuma!"

Nilikaa chini pale pale kizingitini, nikalia mimi.

Ingekuwa vizuri iishie hapo. Lakini siku chache baadaye alikuja mwanamke nisiyemjua, fundi cherehani, nyuzi bado zimemng'ang'ania gauni. Alisikia habari zetu sokoni. Mama akamkaribisha kiti, akakaa pembeni kabisa.

"Binti yangu naye alicheza na yule mtu," alisema. "Akawa kama huyu mdogo wako. Ukimpa maji anakunywa. Ukimwinua anakaa." Akavuta uzi mmoja kwenye gauni lake. "Tangu jioni ile mliyocheza, hanywi. Hata macho hapepesi."

Nilivaa viatu, sikuaga. Chumba alichopanga Dhahabu kilikuwa wazi, kimefagiwa, hakuna hata msumari ukutani. Nikaenda dukani. Shangazi alikuwa ameshaondoa meza za kuchezea.

"Ulijua!" nikampigia kelele mbele ya wateja wake.

"Nilikuambia usiiweke."

"Hukuniambia kwa nini!"

"Ningekuambia, ungemwacha mdogo wako?"

Nikarudi nyumbani nikiwa nimejaa matusi na sina wa kumtukana.

Fundi cherehani alikuwa bado amekaa. Mdogo wangu alikuwa amesogea, amelaza sikio juu ya meza ya pasi, kidole mdomoni kutunyamazisha. Mimi sikusikia chochote.

"Wanagonga," akasema polepole. "Tulikuwa wengi mle, dada. Giza tupu. Kuna msichana alikuwa ananishika mkono, ananiambia nisilie." Akamgeukia mgeni wetu. "Anaimba wimbo wa cherehani."

Yule mama hakulia. Alisimama, akanijia mpaka nikaona nyuzi nyekundu kwenye kola yake.

"Basi fungua," akasema.

Nimepekua boksi lile la dukani mpaka chini. Nimeuliza wachezaji wote. Katika mchezo ule hakuna kadi ya ufunguo.