Waliotoka Mlango wa Nyuma

Kila ulipofika mwezi wa kumi, kazi ya Zipporah Gaines asubuhi ilikuwa kuokota njugu za pekani zilizodondoka mtini uani kabla kindi hawajaziwahi. Alizitia kwenye ndoo, akanawa mikono, kisha akaketi mezani kula uji mzito wa mahindi wenye siagi na yai la kukaanga. Bibi yake, Bibi Odessa, alikuwa ameshafungua redio. Yeye ndiye aliyemlea Zipporah na kaka yake Lamar tangu mama yao alipohamia Atlanta kikazi. Mwaka huo redio haikuwa na habari nyingine. Ilikuwa ni Seneta Vickery na Gavana Stroud, Gavana Stroud na Seneta Vickery, tangu kahawa ya asubuhi mpaka chakula cha jioni.

"Na leo nawe utatangazwa humo," Bibi Odessa alisema, huku akiigonga redio kwa kijiko.

"Leo ni kuuliza tu, Bibi. Kutangaza ni Jumatatu."

Ilikuwa Jumamosi. Mwalimu wao wa uraia, Bi. Whitlow, alikuwa amewaombea wanafunzi wake dakika chache kwenye redio ndogo ya mji wao wa Albany. Siku ya uchaguzi wa rais kati ya wagombea hao wawili ilikuwa bado, lakini upigaji kura wa mapema ulikuwa ukiendelea katika maktaba. Zipporah na mwenzake Cody Sparks walipewa kazi ya kusimama nje, mbali na kamba ya wasimamizi, na kuwauliza waliokwisha kupiga kura wamemchagua nani. Asiyetaka kujibu aachwe aende zake kwa heshima.

Bi. Whitlow aliwapa sharti moja, akalirudia mara mbili. "Maktaba ina milango miwili. Muulizeni kila mtu wa tano anayetoka, mlango wa mbele na wa nyuma. Awe anacheka au amenuna, mnamjua au hamumjui. Msichague watu."

Asubuhi ile mlango wa mbele ulikuwa kama sherehe. Basi la kanisa la Bibi Odessa lilikuwa limeshusha kina mama waliovalia kofia zao za Jumapili, na kila aliyetoka alikuwa amebandika kifuani kibandiko chenye picha ya tunda la pichi, wanachopewa waliokwisha kupiga kura. Walimwita Zipporah kwa jina. Walimkumbatia, wakamwambia amekuwa mrefu, kisha wakamjibu bila kuulizwa mara ya pili.

"Vickery, mwanangu. Andika kwa wino mzito."

Zipporah aliandika. Nyumbani kwao wote walikuwa wa Vickery, na kila jibu la namna hiyo lilimpa raha kama ya mtu anayetazama timu yake ikifunga mabao. Baada ya muda akaacha kuhesabu watano. Aliyemchekea alimuuliza. Mzee mmoja mwenye kofia ya wakulima alipita karibu naye, uso umekunjamana, na Zipporah akainama kuangalia viatu vyake mpaka mzee akapita.

"Na mlango wa nyuma?" Cody aliuliza.

"Huko kuna mapipa ya taka tu."

"Kuna uwanja mkubwa wa magari, Zip. Wenye magari ya mizigo wote wanatokea huko. Baba yangu mwenyewe alitokea huko."

"Hawa wanatosha. Au miguu yako inataka matembezi?"

Cody alinyamaza. Alikuwa mtoto mpole, asiyependa ugomvi, na karanga za kuchemsha alizonunuliwa na Zipporah zilikuwa bado za moto.

Jumatatu jioni walikaa mbele ya kipaza sauti. Zipporah ndiye aliyesoma. Sauti ilitoka safi kuliko alivyotarajia. "Tulimuuliza kila mtu wa tano aliyetoka katika milango yote miwili," alisema. Cody aligeuka akamtazama. Zipporah hakumtazama. "Kati ya kila watu kumi, saba wamempigia kura Seneta Vickery."

Mtangazaji, Bwana Tolliver, alipiga mluzi. "Saba kati ya kumi? Kwa hiyo, binti Gaines, hapa kwetu mchezo umekwisha?"

"Umekwisha," Zipporah akasema. "Hapa kwetu Seneta Vickery ameshashinda."

Siku zilizofuata alitembea kama mtu aliyekua ghafla. Dereva wa basi la shule alimpigia saluti. Kina mama wa kanisani walileta pai mbili za viazi vitamu. Bibi Odessa aliitikia simu zote kwa maneno yaleyale, "Ndiyo, ni mjukuu wangu, ni yuleyule," akijifanya amechoka kusifiwa.

Alhamisi jioni Lamar alirudi kutoka kwenye kiwanda cha kubangua pekani, akavua viatu mlangoni na kukata kipande kikubwa cha pai. "Nimekubali zamu mbili Jumanne," alisema huku akitafuna. "Msimamizi alikuwa anatafuta watu, nikamwambia aniandike."

Bibi Odessa alitua uma wake. "Jumanne ni siku ya kura. Na wewe hujapiga."

"Nilikuwa niende asubuhi kabla ya kazi. Lakini foleni ya nini tena, Bibi? Mtaalamu wetu huyu ameshasema mchezo umekwisha. Kiwandani wote wamemsikia. Nusu ya wenzangu wamechukua zamu mbili."

Zipporah alirudisha kipande chake cha pai kwenye sahani. "Nenda tu ukapige," alisema.

"Kwa nini? Saba kati ya kumi. Hata nikilala siku nzima ameshinda."

"Nenda tu, Lamar."

Lamar aliacha kutafuna. Alikuwa akimtania dada yake tangu msichana huyo alipojifunza kutembea, na alizijua sura zake zote. "We mtoto. Mbona umebadilika rangi? Kwani mlidanganya?"

Zipporah alitazama sahani yake. Bibi Odessa akauliza, polepole, "Zipporah, mliwauliza watu kama mlivyoambiwa?"

"Niliwauliza rafiki zako, Bibi," alisema, na machozi yakamtoka. "Niliwauliza walionichekea. Mlango wa nyuma hatukwenda kabisa. Cody alitaka, mimi nikakataa."

Alitegemea kufokewa. Bibi Odessa alisogeza tu sahani ya pai pembeni, kana kwamba imepoteza ladha. "Basi hilo la kulia tutalimaliza usiku huu," alisema. "Kesho asubuhi utakuwa na mengine ya kufanya."

Ijumaa, kabla kengele haijalia, Zipporah na Cody walikuwa wamesimama mbele ya meza ya Bi. Whitlow. Zipporah alisema yote bila kumtaja Cody kwa lawama. Cody akadakia, "Nilisikia akisoma na nikanyamaza. Kwa hiyo tuko wawili."

Bi. Whitlow alivua miwani. "Mmenisikitisha," alisema. "Redio ile ilinikubalia kwa sababu niliwaambia watoto wangu ni waaminifu. Sasa mnataka kufanya nini?"

"Leo ni siku ya mwisho ya kura za mapema," Zipporah alisema. "Tuulize upya, vizuri. Halafu nikaseme redioni kwamba mara ya kwanza nilidanganya."

"Utasema neno hilo? Nilidanganya?"

"Ndilo neno lenyewe, mwalimu."

Baada ya masomo mwalimu aliwapeleka mwenyewe na kuwaacha kila mmoja kwenye mlango wake. Zipporah aliomba mlango wa nyuma. Magari yalikuwa yameegeshwa mpaka kwenye nyasi, na watu walikuwa wakitoka kwa wingi. Alihesabu. Wa tano alikuwa kijana mwenye vipokea sauti masikioni, aliyejibu na kwenda zake. Wa tano aliyefuata alikuwa mama mwenye mapacha, akakataa kujibu. Kisha watano wengine, na wengine tena, na ghafla mbele yake akasimama mtu mwenye kofia ya wakulima na uso uliokunjamana.

"Samahani, mzee. Ungependa kuniambia umempigia nani kura?"

Mzee alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Jumamosi nilimsindikiza dada yangu hapa. Nilipita karibu yako, ukaangalia viatu. Nikasema labda vimekuuma."

"Havikuniuma," Zipporah alisema. "Nilikuogopa. Nilidhani hutanijibu ninavyotaka."

Mikunjo ya uso wa mzee ilihama, na Zipporah akatambua kwamba alikuwa anacheka. "Basi ulidhani sawasawa. Mimi nimempa Stroud. Mke wangu yule pale kwenye gari amempa Vickery, na bado lazima anipikie samaki leo." Alianza kuondoka, kisha akageuka. "Lakini ukitaka kuujua mji huu, usitegemee maktaba peke yake. Ndugu zangu wote hawataki habari ya kupiga kura mapema. Wanasema kura ni Jumanne, kama baba yao alivyopiga. Wewe hujawauliza hao."

Zipporah alikimbia mpaka mlango wa mbele huku akihema. "Cody, kuna watu wengine kabisa. Kuna ambao hawajaja na wana mgombea wao. Twende dukani."

Bi. Whitlow aliwapeleka kwenye duka kubwa la vyakula, na meneja akawaruhusu kusimama karibu na maboga. Huko waliuliza kila mtu wa tano maswali mawili: umeshapiga kura au utapiga Jumanne, na ni ya nani. Kila walipokutana katikati walilinganisha majibu kwa kunong'ona, macho yamewatoka. Waliopiga mapema wengi walikuwa wa Vickery, lakini si kwa pengo lile la Jumatatu. Waliosubiri Jumanne wengi walikuwa wa Stroud. Ukiwaweka pamoja, mizani haikulala upande wowote.

"Hatujui," Cody alisema, kama aliyevumbua jambo. "Zip, kusema kweli hatujui kabisa."

Jumamosi asubuhi Zipporah aliketi tena mbele ya kipaza sauti. Safari hii sauti ilitetemeka. "Jumatatu niliwaambia tumeuliza milango yote miwili. Nilidanganya. Niliwauliza watu niliowajua, kwa sababu nilitaka mgombea wa kwetu ashinde." Alieleza walichofanya Ijumaa, nani aliulizwa na nani alikataa. "Kwa hiyo mchezo haujakwisha. Wengi bado hawajapiga kura. Kama ulinisikia ukaamua kubaki nyumbani, tafadhali usibaki kwa ajili yangu."

Bwana Tolliver akawafungulia wasikilizaji simu. Mama mmoja wa kanisani alisema mtoto amewavunja moyo. Mwanamume mmoja alisema alijua tangu mwanzo kuwa watoto wale wametumwa. Zipporah alisikiliza mpaka mwisho na kujibu kila mmoja kwamba samahani, ni kosa lake. Mtu wa mwisho alikuwa Lamar, akipiga simu kutoka kiwandani na mashine zikinguruma nyuma yake. "Waambie wasikilizaji," alisema, "kwamba hapa watu wanarudisha zamu zao za pili za Jumanne ili wakapige kura, na msimamizi ananitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyemzaa huyo binti wenu wa redioni."

Jumanne foleni ya kura ilizunguka kanisa lililokuwa kituo chao na kuingia barabara ya pili. Lamar alisimama ndani yake kabla jua halijachomoza, na saa za mapumziko akatuma picha ya kibandiko cha pichi kwenye aproni yake ya kazi.

Jioni walikaa wote sebuleni, Cody pia, wakila karanga za kuchemsha. Kwanza zikatangazwa kura za mapema za kaunti yao: Vickery mbele, na kwa pengo pana. Zipporah alishika mkono wa bibi yake, lakini safari hii hakutangaza mshindi. Kisha zikaanza kuingia kura za siku ile ile, kituo baada ya kituo, na pengo likawa linapungua. Lamar alisimama akaanza kuzunguka chumba. Cody akala karanga pamoja na maganda yake. Kilipobaki kituo kimoja, wagombea walikuwa wamekaribiana kiasi kwamba hata Bibi Odessa alivua viatu. Matokeo ya kituo hicho yalipokuja, Vickery alikuwa ameshinda kaunti kwa kura chache kuliko idadi ya wafanyakazi wa kiwanda cha Lamar. Lamar aliketi chini sakafuni, akacheka kwa muda mrefu bila sauti.

Nchi kwa jumla ilichukua muda zaidi. Siku mbili baadaye ikajulikana kuwa rais mteule ni Gavana Stroud. Bibi Odessa alizima redio, akakaa kidogo, kisha akatoka uani kuokota pekani mwenyewe.

Darasani, Bi. Whitlow aliwaita Zipporah na Cody mbele, wakasimulia kila kitu, na hata la viatu. Alipowaruhusu kuketi, aliwageukia wanafunzi wote.

"Kuna jambo la hesabu hapa," alisema, "na kuna jambo la tabia. La hesabu ni kwamba aliyewahi kufika hawezi kumsemea aliye njiani. Ukiwauliza waliopiga kura mapema, umewajua wao tu. Hilo mtalikuta kwenye kila mtihani wangu. La tabia ni gumu zaidi. Zipporah hakubadilisha jibu la mtu hata mmoja. Aliyaandika yote kama alivyoambiwa, na bado ulikuwa uongo, kwa sababu alichagua wa kumuuliza. Ukitaka ukweli, nenda ukamuulize hata yule ambaye jibu lake unaliogopa. Na ukishakosea mbele ya watu, sahihisha mbele ya watu haohao, mapema, wakati bado kuna mtu anayeweza kusimama kwenye foleni."