Maziwa Yaliyomwagwa Jaani

Rukia alimwaga bakuli la maziwa ya kifuani mwake jaani, nyuma ya jiko, akageuka kuchukua ufagio. Alipotazama tena, majivu yalikuwa makavu, yamelambwa, alama za ulimi zimebaki. Akasema ni paka. Haya, paka! Paka gani mwenye ulimi mpana kama kiganja cha mtu mzima?

Kosa lilikuwa la mumewe, Othmani, muuza kanga wa Iringa mjini, bwana mwenye kofia safi na akili ya kuazima. Mwaka ule wa hamsini na sita hospitali ya wazazi ilikuwa ikimpa kila aliyejifungua makopo ya maziwa ya unga, bure, yenye picha ya mtoto mnene. Mkubwa wa wauguzi, Mzungu ambaye hajapata kulea hata kifaranga, aliwaambia wanawake kwamba maziwa yao ni mepesi mno. Na Othmani akaamini! Akayapanga makopo juu ya meza ya duka, wateja wayaone.

"Mke wangu hanyonyeshi kama mbuzi," alijigamba.

Basi mtoto wao, Ahmadi, akanyweshwa kopo, na Rukia, kifua kimejaa hadi kinauma, akawa anajikamua na kumwaga. Mama mkwe wake, Bi Mwanakhamisi, akamfuma.

"We mwana! Unamwaga jaani? Umepiga bismillahi?"

"Sikupiga, mama."

"Hata maji ya moto hayamwagwi jaani bila bismillahi, sembuse maziwa ya uzazi! Wenyewe wasioonekana wanakaa pale."

Othmani alicheka sana. Imani hizo, alisema, mama angeziacha hukohuko Bagamoyo.

Kisha mtoto akaanza kuhara. Macho yakaingia ndani, utosi ukabonyea, na kila alichonyweshwa alikitapika. Bi Mwanakhamisi akasema arudishwe kifuani, la sivyo anakufa, na safari hii mwanawe akakubali. Adhuhuri ile Rukia alifunga mlango, akampa ziwa. Mtoto akavuta, akavuta, akalia. Ziwa lilikuwa baridi, halina kitu. Chumba kikanuka maziwa yaliyochacha. Halafu akasikia, karibu kabisa na sikio lake, mchana, ukungu umeshuka mpaka dirishani, mdomo mwingine ukifyonza, taratibu, bila haraka yoyote, na akaona ziwa lake la pili likibonyea lenyewe chini ya kanga, likibonyea na kuachiwa, likibonyea na kuachiwa, huku mwanawe akililia lile lililokauka, naye asiweze kupiga ukelele kwa sababu kitu kile kilikuwa kimemwegemea kifuani kwa uzito wa mtu mzima aliyelala.

Akaitwa Shehe Matano, mganga wa vitabu. Akafukiza ubani, akasoma, mpaka Rukia akaanza kusema kwa sauti isiyo yake.

"Mnanifukuza kwa kosa gani? Mimi sikuiba. Nilimwagiwa mlangoni pangu. Nyinyi mlipewa bure mkapokea. Nami nimepewa bure, nimepokea."

"Toka," shehe alinong'ona. "Mtoto anakufa."

"Mimi pia nina mtoto, na ana njaa. Niende naye wapi?"

Shehe akavuta pumzi amjibu. Lakini Othmani, shujaa wetu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mama yake, akadakia:

"Nenda hospitali ya wazazi! Wodi nzima wanajikamua na kumwaga. Huko utakunywa mpaka ushibe!"

Kisha kitu kile kikacheka kwa kinywa cha Rukia.

"Ahsante, baba," kikasema, na ile harufu ikatoka mlangoni.

Shehe alikunja msala wake, hata uso wa Othmani hakutaka kuutazama. "Mimi nilitaka kumpeleka porini, kusiko na watu," alisema. "Wewe umemwelekeza kwa watoto wa wenzio. Huna haya!"

Mtoto alishika ziwa, na maziwa yakaja kwa wingi hadi yakamtoka pembeni mwa mdomo. Rukia alilia kwa furaha. Alikuwa bado anampakata dirishani jioni ile Tekla, mke wa seremala jirani, alipopita amejishika kiuno, uchungu umeanza, mama yake nyuma na furushi.

"Rukia, dada! Ndiyo naenda hospitali. Nami nitarudi na makopo yangu!"

Rukia alifungua kinywa amwite. Othmani akakiziba kwa kiganja, huku akimpungia Tekla mkono na kutabasamu.

"Nyamaza," alimnong'oneza mkewe. "Mwana ananyonya."