Maji ya Ijumaa

Konokono alisimama, akachomoza jicho lake, akaimulika barafu. Mwale ukashuka, ukagusa, ukarudi juu, na ndani ya kituo kioo kikaanza kuchora mstari.

Tumweleze kwanza huyu Konokono, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa mtambo wa miguu sita, mvivu wa kutembea, na mgongoni alibeba kichanguanuru. Kazi ya kichanguanuru ni kuipiga barafu kwa nuru isiyoonekana kwa macho, kisha kuipokea nuru inayorudi na kuipasua vipande vipande. Kila kitu hula sehemu fulani ya nuru na kuirudisha iliyobaki. Ukitazama kilicholiwa, unamjua mlaji. Hivyo ndivyo barafu ilivyosomwa bila kuguswa: ubaridi wake, mpangilio wake, hata umri wake.

Msomaji wa mistari hiyo alikuwa Daktari Saumu Faki, mzaliwa wa Wete, na wakati huo ndiye binadamu pekee kwenye Yuropa, mwezi wa barafu tupu unaoizunguka sayari kubwa ya Mshtarii. Walikuja wawili. Fundi Makame Haji, mtu wa Makunduchi, moyo ulimsimama miezi kumi na minne iliyopita akiwa anakaza skrubu, bisibisi ikabaki mkononi. Saumu alimzika peke yake, nyuma ya matangi. Tangu hapo sauti ya mtu ilimfikia kutoka duniani tu, dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Unamwambia mtu hujambo, unakunywa chai, unaosha kikombe, unaswali, na jibu bado liko njiani. Huo ni upweke, jamani, msije mkauita kazi.

Siku hiyo Konokono alikuwa anarudi kituoni kwa njia ya mkato, kwa kuwa mguu wake mmoja ulikuwa unakwaruza. Saumu hakuwa na habari na ramani. Alikuwa anapuliza chai yake.

"Mraba wa sabini na saba," alisema Konokono kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka. "Barafu mpya."

Saumu akaweka kikombe chini. "Mpya vipi?"

"Chembe zimejipanga. Umri wake haufiki wiki."

Hapo akainuka. Barafu ya juu ya Yuropa imepigwa na mionzi ya Mshtarii miaka na miaka, hata chembe zake zimevurugika, hazina safu wala mstari. Lakini barafu iliyoganda juzijuzi kutoka majini chembe zake husimama safu safu, kama waumini kwenye swala. Barafu iliyojipanga maana yake maji yametoka chini, kwenye bahari iliyojificha, na kituo kizima kilijengwa kuitafuta bahari hiyo.

"Kuna kingine," Konokono aliendelea. "Mabaki ya kaboni, ya aina inayotengenezwa na viumbe hai."

Saumu alipiga kigelegele mpaka akajishtua mwenyewe. Akakimbilia redio. "Bwana Kombo, shikamoo! Tumepata maji! Na ndani ya maji mna kitu!"

Jibu lilikuja baada ya dakika themanini. Kombo Shamte alikuwa mkuu wa idara kule Tanga, na hakuwa mtu wa mzaha.

"Marahaba, Bi Saumu. Sikiliza. Merikebu ya anga iliyo njiani ina watu kumi na mmoja, na mafuta yake ni ya kutua mara moja tu. Ukithibitisha, itatua kwako. Usipothibitisha, itakwenda kwenye ule mwezi mwingine, Ganimedi, kama ilivyopangwa, na nyingine itakufikia baada ya miaka mitatu. Kanuni unaijua: mtambo haushuhudii. Toka nje, utazame kwa macho yako, kisha utoe tamko. Tunalingoja leo hii."

Watu kumi na mmoja! Saumu alifungua kabati akazishusha sahani zote, akazifuta vumbi moja moja. Akajisikia anasema kwa sauti, "Huyu atalala huku, wale kule, na wanaokoroma wataona wenyewe." Alicheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini.

Akavaa vazi zito la nje na kutoka. Saa ya kifuani ilianza kumhesabia dakika zake, maana mionzi ya huko haina huruma na ruhusa ilikuwa nusu saa tu. Alifuata nyayo za Konokono zikazunguka kituo, zikapita matangi, na hapo akasimama kama aliyepigwa kofi.

Konokono alikuwa amelimulika kaburi la Makame.

Kwao, mtu akizikwa kaburi lake hunyunyiziwa maji, na wanaompenda hulizuru Ijumaa na kulinyunyizia tena, mwenye marashi akatia na marashi. Saumu hakukosa Ijumaa hata moja. Kila Ijumaa alasiri, kwa saa ya Wete, alitoka na chupa ya maji yenye matone ya marashi ya waridi, ambayo Bi Mize, mama yake Makame, alimfungia mwanawe siku ya safari. Huko kusiko na hewa, maji yalichemka na kuganda kwa pamoja kabla hayajatulia. Wala haikumpitia akilini kwamba ile nayo ni barafu. Kwake yalikuwa maji ya kaburini, basi. Daktari mzima wa barafu!

"Konokono, unajua hapa ni wapi?"

"Mraba wa sabini na saba."

"Hapa amelala Makame."

"Makame hayumo katika orodha ya vitu vya kupimwa."

Saumu alikaa chini pembeni ya kaburi. Tusimpambe: alitaka kusema uongo, tena alitaka sana. Mtambo haukujua, na Tanga hawakujua kaburi liko upande gani. Maneno mawili tu, nimeona chemchemi, na mlango ungegongwa. Watu wangeingia na viatu vyao, na ugomvi wao, na harufu zao. Kisha wangeuliza, tuchimbe wapi? Naye angewaonyesha hapa. Keekee ingeanzia kifuani kwa Makame.

Alikaa mpaka saa ya kifuani ikapiga kelele, akarudi ndani. Njiani machozi yalimshuka ndani ya kofia ya vazi, mahali ambapo mkono haufiki kuyafuta.

"Mimi, Saumu Faki, nimetazama kwa macho yangu," alisema redioni. "Si chemchemi. Ni maji niliyomnyunyizia marehemu Makame, na hiyo kaboni ni marashi ya mama yake. Kosa ni langu. Merikebu ipite."

Akazirudisha sahani kabatini. Moja akaiacha nje.

Safari hii jibu lilichelewa zaidi, na sauti ya Bwana Kombo haikuwa ile ya kanuni. "Tumekusikia, Bi Saumu. Merikebu itapita. Nimempigia simu Bi Mize, ana neno lake."

Kikafuata kikohozi cha mtu mzima, kisha sauti ya Bi Mize, nzito na ya taratibu.

"Mwanangu Saumu. Miezi yote hii nalia kwamba mwanangu kalala pasipo mtu wa kumtilia maji. Kumbe wewe upo! Mungu akuweke. Marashi yakiisha, tia maji matupu, yanamtosha. Lakini mwanangu, na wewe huko, nani wa kukutilia?"

Saumu aliusikiliza ujumbe huo mara tatu. Alimwingiza Konokono ndani amtengeneze ule mguu, na alipomaliza akamuuliza, "Ijumaa moja nisipotoka, utaweza kumwaga maji pale nyuma?"

"Sina mkono wa kumwagia."

"Nitakutengenezea. Lakini siku hiyo makaburi yatakuwa mawili."

Konokono alihesabu. "Yote yatakuwa katika mraba wa sabini na saba?"

"Yote," alisema Saumu. Akafungua sanduku la vifaa vya Makame, akatoa ile bisibisi, akaanza kazi.